Seli Zinazojuana: Tunachokikosa Katika Mjadala wa Panadol na Usonji

Tarehe 22 Septemba 2025, Rais wa Marekani Donald Trump, akiwa na waziri wake wa afya Robert F. Kennedy Jr., aliwataka wajawazito waepuke parasetamo kwa madai kwamba inahusiana na usonji (autism) kwa watoto. Kwetu dawa hiyo huitwa Panadol, hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Habari ilifika Tanga kwa sauti za WhatsApp zilizorushwa kundi hadi kundi, kila mrushaji akitia chumvi yake, mpaka ikabaki sentensi moja: Panadol inaharibu ubongo wa mtoto tumboni. Kwa ushahidi uliopo sentensi hiyo haisimami. Lakini kosa lake kubwa ni namna inavyouona ubongo wa mtoto, kama kitu kilichokwisha kutengenezwa na kinachosubiri kuharibiwa na kitu kimoja. Ubongo hujengwa na seli zinazotambuana na kushikana kwa protini za aina nyingi mno, kazi ya miezi tumboni na miaka baada ya kuzaliwa. Anayeielewa kazi hiyo ataacha kutafuta kidonge kimoja cha kulaumu. Atauliza ni nini kinachoivuruga hapa kwetu, na sehemu kubwa ya majibu inajulikana tayari na inashughulikika ndani ya mkoa huu.

Habari yenyewe inaanzia baharini. Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, H. V. Wilson, alichukua sifongo hai, mnyama sahili wa baharini, akaiminya kupitia kitambaa laini cha hariri hadi ikawa seli moja moja zinazoelea majini. Seli zile zilitambaa, zikatafutana, zikashikana, zikawa sifongo tena. Mwaka 1955 wanasayansi Townes na Holtfreter walifanya jambo la aina hiyo kwa viinitete vya wanyama wa jamii ya chura: walizitenganisha seli za ngozi na za neva, wakazichanganya ovyo, na seli zikajipanga upya zenyewe, za ngozi zikakaa nje na za neva zikaingia ndani. Ilikuwa wazi kwamba seli ina njia ya kujua iko karibu na nani. Kilichokosekana ni kujua njia hiyo ni kitu gani. Katika miaka ya 1970 kundi la Gerald Edelman mjini New York, likitumia seli za jicho la kifaranga, lilipata protini iliyopewa jina la NCAM. Huko Japani, Masatoshi Takeichi alionyesha kuwa ziko protini nyingine zinazoshikanisha seli pale tu penye madini ya kalisi, nazo zikaja kuitwa kadherini.

Protini hizi hupenya utando wa seli. Upande mmoja huchomoza nje ukagusa protini ya seli jirani, na upande wa pili umefungwa ndani kwenye nyuzi zinazoipa seli umbo lake. Kwa sababu hiyo mguso wa nje hugeuka kuwa amri ndani: songa mbele, simama, geuka, shika hapa. Si gundi tu, ingawa ndivyo zinavyoelezwa mara nyingi, na maelezo hayo ndiyo yanayowafanya watu waone kuwa kazi yake ni ndogo. Katika wiki za mwanzo kabisa za mimba, bamba la seli mgongoni mwa kiinitete hujikunja likawa mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Seli za bamba hilo huacha aina moja ya kadherini na kuvaa nyingine, zikajitenga na ngozi inayozifunika. Mrija huo hufunga kufikia kama siku ya 28 tangu mimba itungwe. Tarehe hiyo nitairudia, kwa maana siku hiyo akina mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito.

Mrija ukishafunga, seli za neva huzaliwa kwa wingi, husafiri hadi mahali pake, kisha kila moja hutoa mkia mwembamba unaokwenda kutafuta mwenzake, wakati mwingine mbali sana. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona ncha ya mkia huo kwa hadubini mwaka 1890 na akaamini kuwa ndiyo inayotafuta njia. Miaka ya 1940 mwanasayansi wa Marekani, Roger Sperry, alikata neva ya jicho la mjusimaji, akaligeuza jicho juu chini, akaiacha neva ikue tena. Mnyama alipoanza kuona, aliuona ulimwengu umepinduka na hakujirekebisha kamwe: kitu kikiwa juu, aliruka chini. Neva zilikuwa zimerudi kwenye shabaha zake za zamani, bila kujali kwamba sasa zilimdanganya mwenyewe. Mwaka 1963 Sperry aliandika kwamba kila neva na kila shabaha lazima ziwe na alama za kikemia. Mtu anayefika Ngamiani, hapa mjini Tanga, kwa mara ya kwanza usiku hahitaji ramani ya mji wote. Anahitaji namba ya barabara, rangi ya mlango, na mtu mmoja ndani atakayeitambua sauti yake. Neva nayo husafiri hivyo, alama baada ya alama, na molekuli za kushikanisha seli ni sehemu kubwa ya alama hizo.

Hapa pana hesabu inayostahili kuzingatiwa. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, na jeni zetu zote za kutengeneza protini ni kama 20,000. Jeni haziwezi kuwa orodha ya kila muungano, kwa hiyo lazima ziwe kanuni, na kanuni hufanya kazi kwa kuchanganya. Inzi wa matunda ana jeni moja, Dscam1, inayoweza kukatwa na kuungwa kwa namna 38,016, na kila seli ya neva hutumia namna chache tu kati ya hizo kama kitambulisho chake. La kushangaza ni kwamba matawi yenye kitambulisho kimoja yakigusana huachana, ili seli isijifunge yenyewe. Kwa mamalia kazi inayofanana na hiyo hufanywa na protokadherini, jamaa za kadherini. Kushikana na kuachana vyote ni lugha ya protini hizi.

Mwisho wa safari ni sinapsi, mahali neva mbili zinapokabidhiana ujumbe. Upande wa mtumaji zimo protini ziitwazo nureksini, zilizogunduliwa na kundi la Thomas Südhof mwaka 1992 lilipokuwa likifuatilia sumu ya buibui inayovuruga neva. Upande wa mpokeaji kuna nuroligini, na hizi mbili hushikana kuvuka ufa mwembamba sana. Mwaka 2000 Peter Scheiffele na wenzake walifanya jaribio ambalo kwangu ni miongoni mwa mazuri kabisa katika somo hili: waliziwekea seli za figo nuroligini, wakaziweka karibu na neva. Neva zilipozigusa zilianza kujenga upande wa mtumaji, kana kwamba zimekutana na neva mwenzao. Protini moja ilitosha kuanzisha ujenzi. Baadaye, mwaka 2006, ilionekana kuwa panya walioondolewa nuroligini tatu bado wana sinapsi kwa idadi ya karibu ya kawaida, ila hazifanyi kazi ipasavyo, nao hufa mara baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua. Maana yake ni kwamba kuunganika si tendo moja. Sinapsi huanza, hukomaa, huimarishwa au huondolewa, na katika kila hatua kuna protini kadhaa zinazosaidiana na hata kuziba nafasi za zilizokosekana.

Sasa turudi kwenye usonji. Mwaka 2003 kundi la Thomas Bourgeron huko Ufaransa liliripoti mabadiliko katika jeni za nuroligini mbili, katika familia za Sweden zenye watoto wenye usonji. Mabadiliko hayo ni nadra sana na hayaelezi watoto wengi. Umuhimu wake ni kwamba yalielekeza macho kwenye sinapsi, na tangu hapo jeni zaidi ya 100 zimehusishwa kwa uthabiti na usonji, nyingi zikiwa za sinapsi au za kuongoza jeni nyingine wakati ubongo unajengwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1977, Folstein na Rutter huko Uingereza walikuwa wameshaonyesha kwa kuchunguza mapacha kwamba urithi una uzito mkubwa. Utafiti huo ulisaidia kuuondoa ukatili wa miaka mingi. Baada ya Leo Kanner kuueleza usonji mwaka 1943, ilienea dhana kwamba unatokana na ubaridi wa mama, na Bruno Bettelheim aliieneza kwa nguvu. Mama aliyekuwa akihangaika na mtoto asiyezungumza aliambiwa hakumpenda vya kutosha. Ninapoisikia sauti ile ya WhatsApp, nasikia lawama ileile imerudi kwa mlango mwingine: mama ndiye aliyemeza.

Wanaoitetea kauli ya Washington hawana mikono mitupu, na si haki kuwajibu kana kwamba wanayo. Zipo tafiti kadhaa zilizokuta kwamba watoto wa akina mama waliotumia parasetamo sana wakati wa ujauzito huonekana kuwa na tofauti za ukuaji wa ubongo mara nyingi kidogo zaidi. Mwaka 2021 kundi la wanasayansi lilichapisha wito wa tahadhari, na wengi wao ni watu makini. Dawa hii hupita kwenye kondo la nyuma, na hakuna anayesema imezwe kama karanga. Tatizo la tafiti hizo ni kwamba mjamzito hamezi Panadol bila sababu. Anaimeza kwa homa, kwa maambukizi, kwa maumivu ya kichwa yasiyokoma. Sababu hizo zenyewe, pamoja na jeni ambazo mama na mtoto wanashirikiana, zinaweza kuleta tofauti inayoonekana. Ndiyo maana utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024 una uzito. Ulifuatilia watoto karibu milioni 2.5 waliozaliwa kati ya 1995 na 2019, ukalinganisha ndugu wa mama mmoja, mmoja aliyepitia dawa tumboni na mwingine ambaye hakupitia. Kwa jumla kulikuwa na tofauti ndogo sana. Ndugu walipolinganishwa, tofauti ikatoweka. Hata barua ya mamlaka ya dawa ya Marekani kwa madaktari, iliyoambatana na tangazo lile, ilikiri kwamba haijathibitika kuwa dawa ndiyo kisababishi, na Shirika la Afya Duniani likasema siku hizo hizo kwamba ushahidi wa uhusiano huo si wa kukata shauri.

Upande wa pili nao una watu waliovuka mpaka. Wapo wanaosema: basi ni jeni, yameandikwa, hakuna la kufanya. Biolojia ya kushikana kwa seli inakataa. Chukua protini iitwayo L1, ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu X. Jeni hiyo ikiharibika, watoto wa kiume huweza kuzaliwa na kichwa maji na udhaifu wa akili, na huo ni urithi mtupu. Lakini majaribio ya maabara ya miaka ya 1990 yalionyesha kuwa pombe, hata kwa kiwango kisicho kikubwa, huzuia L1 isishikanishe seli. Protini ileile, njia mbili za kuivuruga: moja imo ndani ya jeni, nyingine imo ndani ya glasi ya mnazi. Sisemi kwamba madhara yote ya pombe kwa mtoto hupitia L1, kwa kuwa pombe ina njia nyingi. Ninachosema ni kwamba urithi na mazingira hukutana mahali pamoja, kwenye utando wa seli, na anayetaka kuvitenganisha kwa panga atakuwa anakata kitu kisichogawanyika. Nasikitika kwamba wiki zile zile za hofu ya Panadol sikusikia sauti hata moja iliyorushwa kuhusu gongo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayoonekana ya busara: tahadhari haina gharama, kwa hiyo mama avumilie tu. Labda kwa mwanamke wa mji wa baridi mwenye mafua hoja hiyo inaweza kupita. Kwa Tanga haipiti. Binti mmoja wa mtaani kwetu Makorora, mwenye mimba changa, alikaa na homa usiku kucha kwa sababu ya sauti ile. Kulipokucha mama mkwe wake alimpeleka kituo cha afya, kipimo kikaonyesha malaria. Nilipomuuliza mbona hakwenda mapema, alinijibu, “Shangazi, si walisema tuvumilie?” Angalia neno la tahadhari lilivyofanya kazi. Halikumzuia kumeza kidonge tu, lilimfundisha kwamba homa ni kitu cha kukaa nacho. Na homa kali katika wiki za mwanzo imehusishwa na kasoro za ule mrija wa neva, ushahidi ambao una msingi imara kuliko huu unaotangazwa kuhusu dawa ya kuishusha.

Malaria yenyewe ni habari nyingine ya kushikana. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy waligundua kwamba vimelea vinavyojaa kwenye kondo la nyuma hujibandika hapo kwa kuishika sukari maalumu iitwayo kondroitini salfeti A. Watafiti hao baadaye waliendesha utafiti wa mama na watoto Muheza, mwendo mfupi tu kutoka mjini Tanga. Kimelea huifanya chembe nyekundu ya damu ichomoze protini ya kunata, ikakwama kwenye kondo, isipite kwenye wengu ambako ingechujwa. Damu inayopaswa kumlisha mtoto hupita kwa shida. Matokeo yake ni mama kupungukiwa damu, mtoto kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati, au kufia tumboni, na mtoto njiti huzaliwa ubongo wake ukiwa katikati ya kazi niliyoieleza. Mkoa wetu unaijua sayansi hii kwa karibu, kwani Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, pamoja na Bagamoyo. Mjamzito mwenye homa hapa anahitaji kupimwa siku hiyo hiyo, kupewa dawa ya malaria akikutwa nayo, na kushushwa homa kwa parasetamo kwa kipimo alichoelekezwa na mhudumu. Parasetamo haitibu malaria, na hatari halisi ninayoiona ni ya mtu kuimeza akatulia, akaacha kwenda kupima.

Halafu iko chumvi. Kabla mtoto hajaanza kutengeneza homoni ya tezi ya shingoni, karibu katikati ya mimba, anaitegemea ya mama yake, na homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto. Majaribio ya panya yameonyesha kwamba homoni hii huongoza utengenezaji wa baadhi ya protini tulizozitaja, NCAM ikiwemo, na ikipungua seli za neva hukaa pasipo mahali pake kwenye ubongo. Ukosefu wa madini joto ni miongoni mwa visababishi vikubwa duniani vya udhaifu wa akili unaozuilika, na sheria ya kuyatia kwenye chumvi ipo nchini tangu miaka ya 1990. Pwani yetu inazalisha chumvi. Ile ya mawe inayouzwa kwa kopo, iliyotoka moja kwa moja kwenye mashamba madogo, mara nyingi haijapitia popote penye madini joto, na mnunuzi hana namna ya kujua kwa kuonja. Wazalishaji wadogo hawafanyi hivyo kwa ubaya: madini yenyewe hununuliwa, mashine ya kunyunyizia hununuliwa, na chumvi huuzwa kwa bei ya kutupa. Jambo hili linahitaji halmashauri na vyama vya wazalishaji wakae pamoja kuhusu nani anabeba gharama, na ningependa kuona nusu ya nguvu iliyotumika kubishania Panadol ikielekezwa huko.

Gumu zaidi ni ile siku ya 28. Kliniki zetu hutoa vidonge vya FEFO, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, na vina faida kubwa. Ila kwa mrija wa neva, mama anayeanza kliniki mwezi wa nne amechelewa kwa miezi miwili au mitatu, hata akiwa mtiifu kiasi gani. Watoto wenye mgongo wazi wanaosafirishwa kwenda Muhimbili kufanyiwa upasuaji walipata tatizo hilo kabla kadi ya kliniki haijafunguliwa. Ndiyo sababu kanuni za mwaka 2011 zilitaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, foliki ikiwemo. Lakini familia nyingi za vijijini, kuanzia Mkinga hadi Handeni, husaga mahindi yao kwenye mashine ya jirani, na unga huo haupiti kiwandani. Vifaa vidogo vya kuchanganya virutubishi vinavyofungwa kwenye mashine kama hizo vinatumika tayari katika sehemu za nchi, kwa hiyo ufundi upo.

Na yuko mtu ambaye mipango ya afya haimtaji. Katika familia nyingi za mjini Tanga bi harusi bado huwekwa na somo wake, mwanamke anayemfunda, kabla ya ndoa, akafundishwa mwili, unyumba na nyumba. Somo humfikia msichana wiki kadhaa kabla mimba haijatungwa, faraghani, akiwa na mamlaka ambayo nesi mwenye foleni ya watu arobaini hana. Vidonge vya foliki hupatikana kwenye maduka ya dawa kwa bei ndogo. Wataalamu wa afya ya uzazi wa mkoa wakikaa na masomo na makungwi wa Ngamiani, Chumbageni na Pangani, wakawaeleza mrija unaofunga kabla mwanamke hajajijua, foliki itaingia kwenye mafunzo ya bi harusi pamoja na mengine yote anayofundishwa, na itamfikia kwa wakati.